Akaunti ya mama ni ya nani?

Wadau, kuna maneno matatu ambayo siku hizi nikiyasikia napandwa na hasira: "Si amejitakia mwenyewe!"

Tunaoyasema sana ni sisi, watoto wa mjini tuliosoma soma kidogo. Mtu katekwa WhatsApp yake, tapeli kaingia kwenye magrupu na kuanza kuomba hela kwa jina lake, ndugu watatu wameshatuma, na sisi tumekaa zetu kijiweni Makambako, au ofisini Dar, tunacheka. Kwa nini alitoa zile tarakimu? Hakusoma? Mshamba huyo!

Haya, tuanze na huo ushamba, maana ndiyo hoja inayotupumbaza.

Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X ilitekwa. Waliotazama siku ile waliona picha za ngono na habari ya uongo kwamba Rais amefariki, vyote vikitoka kwenye akaunti yenye nembo ya polisi. Polisi wakakanusha, na papo hapo mtandao wa X ukawa haupatikani nchini. Huyo ni polisi, mwenye kitengo kizima cha makosa ya mtandao. Nani alimwita mshamba?

Nenda mbali zaidi. Tarehe 9 Januari 2024 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na mitaji, SEC, iliporwa akaunti yake ya X. Aliyeiteka alitangaza kwa jina la tume kwamba biashara mpya ya bitcoin imeruhusiwa, na bei ikaruka dakika zilezile. Unajua walivyoingia? Kijana alikwenda dukani kwa kampuni ya simu na kitambulisho bandia, akapewa laini mpya yenye namba iliyofungamanishwa na akaunti ile. Basi. Na ule ulinzi wa hatua mbili, ambao sisi tunawahubiria wazazi wetu, tume yenyewe ilikuwa imeuzima miezi kadhaa kabla ya tukio!

Na Julai 2020, pale akaunti za Obama, Biden, Bill Gates na Elon Musk zilipoanza kuahidi kumrudishia mara mbili kila atakayetuma bitcoin, kinara alikuwa kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida. Yeye na wenzake waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter, wakajifanya ni wenzao, wakapewa walichotaka. Hakuna mtambo wa ajabu hapo, ni mdomo tu.

Kwa hiyo akaunti huibwa kwa maneno na kwa laini ya simu. Ya kompyuta ni kidogo mno. Hilo likae kichwani, kwa sababu sasa nataka tushuke Lupingu.

Kwa wasiopajua, Lupingu iko wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, chini kabisa ya milima ya Livingstone, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ng'ambo ni Malawi. Kuna bandari ndogo, kuna usipa, kuna mihogo, na kuna barabara ya kona na mteremko ambayo ukiishuka mara ya kwanza unakumbuka sala zote ulizofundishwa utotoni. Kijana wa Lupingu akimaliza shule hupanda mlima. Anakwenda Ludewa, Njombe, Makambako, akifanikiwa zaidi anafika Dar au Dodoma. Mama anabaki.

Na mama ana simu janja. Nani alimnunulia? Wewe. Nani alimfungulia WhatsApp na Facebook? Wewe, Desemba ile ulipokwenda kula Krismasi, dakika ishirini kabla ya gari kuondoka. Facebook inataka barua pepe, mama hana, ukaweka ya kwako. Tena ile ya zamani ya Yahoo uliyoiacha tangu chuo. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Cha mdogo wako, maana mama namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka. Nenosiri ni lipi? Jina lako na mwaka uliozaliwa. Umeliandika wapi? Hujaliandika.

Wapo pia waliofunguliwa na kijana wa kibanda cha simu. Huyo ana akaunti nyingi zilizosimama juu ya barua pepe moja ya kibanda, na kibanda chenyewe kilishahama.

Sasa niambie, hiyo akaunti ni ya mama? Picha ni zake na jina ni lake. Lakini mitandao hii haimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo. Inamjua mwenye laini, mwenye barua pepe, mwenye nenosiri. Kwa kanuni hiyo mama hajawahi kumiliki akaunti hata siku moja. Alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba, yaani mimi na wewe, tumehama bila kuaga. Halafu mwizi akiingia tunamcheka mpangaji!

Na mwizi anaingia kirahisi mno. Anaandika namba ya mama kwenye WhatsApp ya simu yake. WhatsApp inatuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, na ujumbe unafika kwenye simu ya mama. Hapo mwizi anahitaji mama amsomee tu. Atatumia nini? Heshima. Ujumbe unakuja kutoka kwa mtu mama anamjua, mwalimu wa kwaya labda, ambaye yeye alitekwa jana: "Shikamoo mama. Samahani sana, kuna namba sita nimezituma kwako kwa makosa, naomba unirudishie mama yangu, ni za haraka." Mtu aliyelelewa vizuri anafanyaje? Anarudisha. Kitu cha watu kinarudishwa. Ndivyo alivyotulea!

Wengine hupiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, wanamwelekeza abonyeze nyota na alama nyingine na namba fulani. Akibonyeza, simu zake zote zinaanza kuelekezwa kwa tapeli. Kisha tapeli anaomba WhatsApp imsomee tarakimu kwa simu ya sauti badala ya ujumbe, na sauti hiyo inamfikia yeye. Mama hajasoma wala hajatuma kitu. (Dawa yake ni kubonyeza ##002# na kupiga. Inafuta maelekezo yote ya simu. Ijaribu hata sasa hivi, haina madhara, isipokuwa kama wewe mwenyewe uliweka simu zako ziende namba nyingine.)

Kwa wenye kurasa za biashara, hawa wa parachichi na mbao na vitenge, chambo ni kingine. Utapata ujumbe wenye nembo ya Meta kwamba ukurasa wako utafutwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka hakimiliki, bonyeza hapa kukata rufaa. Unabonyeza, unaandika nenosiri lako kwenye tovuti ya mwizi. Hapo wanaonaswa sana ni wasomi, kwa sababu ndio wanaoogopa barua zilizoandikwa Kiingereza cha ofisini.

Akishaingia anafanya nini? Wengi tunadhani anataka picha au siri. Mawazo ya filamu hayo! Anataka lile grupu la ukoo. Meseji zako za zamani haziji kwenye simu yake, zimehifadhiwa kwenye simu yako. Lakini magrupu anayaona, na kila kinachoandikwa kuanzia dakika ile anakisoma. Akikuta kuna msiba amepata sikukuu. "Ndugu zangu, michango ya jeneza tutume kwenye namba hii, ya mweka hazina ina tatizo. Jina litakuja tofauti, ni la shemeji yake." Umeona hilo la jina? Tapeli anajua kwamba kabla hujathibitisha malipo simu itakuonyesha jina la mpokeaji, kwa hiyo anakuandaa mapema ili ukiliona usishtuke. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliouzoea umepanda cheo. Zamani ulitoka kwa namba usiyoijua. Sasa unatoka kwa shangazi, una picha ya shangazi, na unakuita kwa jina lako la utotoni kama linavyosomeka kwenye grupu.

Ndiyo maana nasema akaunti yenyewe ni kitu kidogo. Kinachoibwa ni uaminifu wa mtu, aliouweka akiba miaka hamsini. Na hapa ndipo kicheko chetu kinapoua. Mama akijua tutamcheka, atanyamaza. Ataona aibu, atasubiri jioni, atamwuliza jirani kimya kimya. Kila saa anayokaa kimya ni saa ya mwizi kazini. Mwizi anaishi kwa aibu ile kuliko anavyoishi kwa teknolojia.

Kwa hiyo mtu akitekwa, jambo la kwanza siyo nenosiri. Ni sauti. Piga simu za kawaida, kwa vocha, kwa mweka hazina wa kikoba, kwa msimamizi wa grupu la ukoo, kwa katekista, na sema: "WhatsApp yangu imeibwa, msitume hela kwa ujumbe wowote, mniondoe kwenye grupu sasa hivi." Dakika kumi, biashara ya mwizi imekufa hata kama akaunti bado anayo.

Kisha ndiyo uirudishe. WhatsApp ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ilimradi laini bado iko mkononi mwako. Fungua WhatsApp, andika namba yako, subiri tarakimu sita, ziandike. Mwizi anatolewa hapohapo, maana namba moja haiwezi kuwa na simu kuu mbili. Ukiambiwa uombe tena baada ya saa kadhaa, usipanike, ni kwa sababu yeye ameziomba mara nyingi. Pengine utaulizwa namba nyingine sita za siri ambazo hujawahi kuziweka. Hizo kaziweka yeye ili akufungie nje. Itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hizo. Siku 7 zinauma, lakini sikiliza vizuri: muda ule na yeye yuko nje. Ulipoandika zile tarakimu za ujumbe alishaondolewa. Ukirudi ndani nenda Mipangilio, tazama vifaa vilivyounganishwa, toa usichokijua. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba zako na barua pepe yako. Ya mama, siyo ya Yahoo iliyokufa.

Facebook na Instagram ndizo zinazotoa jasho. Anza na barua pepe kabla ya kitu kingine. Mwizi akiwa ndani ya barua pepe yako, kila nenosiri utakalobadilisha huko Facebook litamfikia yeye kwanza. Ibadilishe, kisha tazama kwenye mipangilio kama ameweka amri ya kupeleka nakala za barua zako kwake, wengi husahau hapo. Google wanasema ukibadilishiwa namba ya simu au barua pepe ya kurejeshea, zile za zamani bado zinaweza kutumika kwa siku 7. Kwa hiyo usiseme nitashughulika mwisho wa mwezi. Baada ya hapo tumia simu ileile uliyokuwa unaingilia siku zote, mahali palepale ulipozoea, kwa sababu mitandao hii inaitambua. Nenda facebook.com/hacked, au instagram.com/hacked. Instagram huwa inatuma barua kutoka security@mail.instagram.com pale anwani yako inapobadilishwa, na ndani yake mna kiungo cha kukataa mabadiliko. Itafute hata kwenye takataka. Kama akaunti ina picha zako wanaweza kukuomba video ya sura yako ukigeuza kichwa.

Ofisi hizi hazina dirisha la kugonga wala simu ya kumlilia mtu. Ni fomu, unajaza, unasubiri, unajaza tena.

Na ndani ya kusubiri huko anakuja mwizi wa pili. Andika tu mahali popote "akaunti yangu imedukuliwa", uone. Wataibuka watu kumi na nne kukuambia wamesaidiwa na jamaa fulani bingwa wa kurudisha akaunti, mtafute kwa jina hili. Bingwa atataka elfu thelathini kwanza, kisha elfu hamsini ya "programu", kisha atakuomba tarakimu sita. Hakuna fundi wa mtaani mwenye ufunguo wa Facebook. Na anayekudai fidia ili akurudishie ukurasa, ukimlipa atakudai tena.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja kuingia kwenye mfumo bila idhini na kujifanya mtu mwingine, yote ni makosa ya jinai. Malalamiko yangu ni kwamba sheria hii imejulikana zaidi kwa kuwafuata walioandika kitu kuliko kwa kumrudishia mama hela ya jeneza. Hata hivyo nenda kituoni, chukua RB. Siyo kwa matumaini makubwa ya kumkamata mtu, bali kwa sababu akaunti yenye jina lako ikiandika uongo usiku huu, kesho anayeulizwa ni wewe, na karatasi yenye tarehe itakusemea. Namba iliyopokea hela itume pamoja na ujumbe wa utapeli kwenda 15040, utaratibu wa TCRA, ni bure kuliko kulalamika. Na kampuni ya simu ipigiwe haraka, kabla hela haijatolewa kwa wakala.

Watu wananiambia, lakini si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole? Ndiyo, zoezi lilianza Mei 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Limesaidia. Lakini mzee anayeambiwa na wakala "kidole hakijasoma mzee, weka tena" anaweza kuondoka pale amesajili laini mbili, moja yake na moja ya mtu asiyemjua. Piga *106# utazame zilizo kwenye kitambulisho chako. Nimeona watu wazima wakikodoa macho.

Sasa rudi Lupingu na hesabu. Dalili ya laini kuporwa ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu. Kariakoo mtandao ukikatika unashtuka. Kwenye mteremko ule mtandao ukikatika ni Jumanne tu, mama ataenda kuanika usipa! Akija kugundua, mwenye laini anatakiwa aende mwenyewe, na kidole chake, kwa wakala mwenye mashine. Kama kijijini hayupo basi ni kupanda mlima hadi Ludewa, nauli na siku nzima. Na ikiwa laini ilisajiliwa kwa mdogo wako aliyeko Mbeya? Mama atapanda mlima aende kuambiwa arudi na mwenye kidole. Zile siku 7 za Google zinahesabika tu.

Ndiyo maana Desemba hii unapokwenda nyumbani, zile dakika ishirini za kabla ya gari ziwe saa mbili, siku ya kwanza, mkiwa mmeketi. Laini iwe kwa jina la mama. Barua pepe iwe ya mama, na nenosiri liandikwe kwenye daftari la mama, mle anamoandika madeni ya usipa. Msinitolee macho enyi wataalamu, najua mmefundishwa nenosiri haliandikwi. Mwizi wa mama yuko kilomita mia nne na hana funguo ya sanduku lake. Namba sita za hatua mbili achague mwenyewe. Kubalianeni swali moja la nyumbani la kuulizana kabla ya hela yoyote kutumwa, jina la yule mbuzi aliyekula shuka la bibi, kitu kama hicho, kwa sababu sasa hata sauti zinaigizwa.

Na ile laini yake ya zamani mnayotaka kuitupa mkishamsajilia mpya? Isitupwe bado. Laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika hufungwa na namba ikauzwa kwa mwingine, na huyo mwingine akifungua WhatsApp, tarakimu sita zinamfikia yeye. Kwanza ingia Mipangilio, Akaunti, Badilisha namba. Kisha Facebook, iondoe. Kisha kikoba, na kule kwenye hela za simu. Ukimaliza zote, chomoa.